Ameacha Kula

Shuleni, Timau
Jumapili, 25 Mei 2025

Kwa Babu yangu Jattani,

Assalam aleikum, Babu. Najua Mama Achuka amekuja kutoka kwake hapo jirani kukusomea hii, kwa hivyo nawasalimu wote wawili pamoja. Mama Achuka, habari ya cherehani na wateja?

Mimi nilifika salama na nimeshazoea kidogo, isipokuwa baridi. Maji ya bomba hapa asubuhi yanauma meno. Navaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na bado wasichana wa huku wananicheka. Wanasema sisi watu wa Isiolo tunatetemeka kama kondoo aliyetoka kunyolewa. Kidato cha pili si rahisi kama walivyosema, lakini hesabu naiweza.

Sajini anaendeleaje? Wenzangu wameniuliza kwa nini kuku wa kike apewe jina la askari, nikawaeleza kuhusu ile mistari mitatu kwenye bawa lake. Babu, tafadhali mtoe kwenye kikapu mapema, kabla jua halijakuwa kali, na usimpe mahindi mazima kwa sababu bado ni mdogo, hana hata miezi minne. Mpe mchele uliovunjika. Ukikaa kwenye kiti chako pale mlangoni atakuja alale juu ya kiatu chako. Usimfukuze. Kaa naye tu hapo nje mpaka achoke mwenyewe.

Simu hapa ni marufuku, kwa hivyo nijibuni kwa barua. Stephen anayeleta nyama ya jikoni kutoka Isiolo huja kila Jumanne na Jumamosi, na amekubali kubeba. Mama na Baba wako Rapsu kwenye vitunguu vyao, na huko ili upate mtandao ni lazima upande kilima, kwa hivyo habari za nyumbani nazitegemea kwenu.

Wewe mwenyewe unakula vizuri?

Mjukuu wako,
Ikra Golicha


Bulla Pesa, Isiolo
Jumatatu, 9 Juni 2025

Kwa Ikra,

Aleikum salaam. Nagaya? Sisi tuko salama. Tumechelewa kujibu kwa sababu ya Idd, na Mama Achuka alikuwa na sare za shule za kushona, mlangoni kwake kulijaa watu. Leo amepata nafasi. Amekaa hapa na kalamu, mimi nasema yeye anaandika, na nimemwambia aandike nilivyosema bila kuongeza lake.

Nilikwambia mapema kwamba sijui kuku. Nimefuga ng'ombe, nimefuga ngamia, na mbuzi sikuwahi hata kuwaona kama kazi. Lakini ndege? Kwetu ndege hakuwa mfugo. Zamani kama mtu wa rika langu angeniona nimebeba kuku mkononi, ningehama mji. Sasa huyu wako ananifuata. Nikitoka kwenda kuswali ananisindikiza hadi langoni, halafu anasimama hapo kama kweli ni askari. Mzee Shuriye ameniuliza mbele ya watu kama siku hizi nimeajiri mlinzi.

Jambo moja dogo. Tangu jana Sajini hajala vizuri. Nilimwekea mchele, akadonoa mara mbili akaacha. Nafikiri ni upepo huu wa vumbi. Mifugo wengine pia hufanya hivyo siku moja, mbili. Usiwe na wasiwasi, wewe soma.

Babu yako,
Jattani Waqo

(Ikra, hapa ni mimi Mama Achuka, naongeza langu na yeye hajui. Ameniambia niandike usiwe na wasiwasi, lakini tangu asubuhi ameinuka mara nne kwenda kumtazama huyo kuku. Barua hii tunampa Stephen kesho.)


Bulla Pesa, Isiolo
Alhamisi, 12 Juni 2025

Ikra mwanangu,

Habari ya huko? Naandika haraka, Mama Emanikor anapita hapa kumrudisha msichana wake shuleni kwenu na gari inamngoja. Babu yako hataki nikwambie. Amesema nikikwambia tutakosana. Lakini mimi siwezi kunyamaza na jambo kama hili.

Ile hali tuliyokuandikia Jumatatu imezidi. Ameacha kula kabisa. Leo ni siku ya nne hajatia kitu mdomoni. Nimempikia uji mwepesi, amegeuza kichwa. Maji ni mpaka nimshike nimtilie kidogo kidogo. Amejikunyata pale pembeni ya ukuta, macho yamefungwa nusu, ukimwita jina hata hageuki. Juani hataki kutoka. Amekonda, ukimshika unasikia mifupa. Daktari amesema tukitaka tumpeleke kesho, lakini amesema pia tusiwe na matumaini makubwa.

Nimekwambia kwa sababu ni wako, na ungenilaumu kama ungerudi ukute hayupo. Usiache masomo. Wewe omba tu, na mimi huku naomba.

Mama Achuka


Shuleni, Timau
Ijumaa, 13 Juni 2025

Kwa Mama Achuka, na tafadhali umsomee Babu hata akikataa,

Barua yako nimeipata jana jioni. Hiyo ya Jumatatu sijaiona, Stephen hakuja Jumanne. Kwa hivyo mimi nimejua kwa ghafla tu kwamba Babu ana siku nne hajala.

Nilimwomba mwalimu wa zamu simu. Ya Babu imezimwa kama kawaida yake. Yako nilikosea namba, mara mbili akapokea mwanamume, akaniambia niache kumsumbua. Ya Mama haipatikani. Nikaomba ruhusa ya kuja nyumbani, mwalimu akasema mzazi asipopiga simu yeye hawezi kuniruhusu, ningoje Jumatatu. Jumatatu ni mbali sana.

Sasa naongea na wewe, Babu.

Mwaka juzi, ng'ombe walipoisha, uliacha kula hivi hivi. Uligeukia ukuta na hukusema unaumwa wapi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilikuwa natoka shule mbio, lakini nikifika mlangoni sifungui. Nasimama kwanza, nasikiliza kama unakohoa. Nikisikia kikohozi ndipo naingia. Siku moja sikukisikia, nikakaa chini pale nje mpaka Mama Achuka akaja akaniuliza mbona nimekaa juani. Nikamwambia nimepoteza ufunguo. Mlango wetu hauna ufunguo, Mama Achuka, na wewe unajua. Hukuniuliza tena, ukaingia wewe kwanza, nami nikakufuata nyuma.

Halafu hospitalini nilimsikia daktari akimwambia Baba kwamba mwilini mwa mzee hamna ugonjwa, ni yeye mwenyewe ndiye hataki. Nilitembea na neno hilo siku nyingi. Hataki nini? Hatutaki sisi?

Na kuna jambo lingine ambalo lazima nikiri. Nilikudanganya. Nilisema nakuachia Sajini kwa sababu Mama Achuka hana nafasi. Mama Achuka ana kuku kumi na mmoja, wa kumi na mbili asingemwona hata. Nilikuachia wewe kwa makusudi, ili kuwe na mtu unayelazimika kumtoa nje asubuhi. Nilijua ukimtoa yeye, nawe utatoka. Sasa naona haikusaidia kitu. Ungeniambia nisije huku nisingekuja. Ningebaki nikasoma shule ya kutwa hapo karibu, nikawa narudi kila jioni.

Kula, Babu. Kula hata kama huna hamu. Usipokula nitatoka hapa, na nikitoka sirudi tena, ukae ukijua hivyo.

Na Sajini yuko wapi? Hakuna aliyeniandikia habari zake. Kama naye amekufa, msiniambie sasa.

Ikra


Bulla Pesa, Isiolo
Jumapili, 15 Juni 2025

Kwa mjukuu wangu Ikra,

Assalam aleikum. Jana kwenye simu tuliongea kidogo tu, salio likaisha kabla sijasema la maana, kwa hivyo leo nimemwambia Mama Achuka aache cherehani akae chini. Nimemwambia pia kwamba leo anaweza kuandika kila kitu, hata yale ambayo mimi ningeyaruka.

Mimi nakula. Nimekula jana, nimekula juzi, na zile siku zote ulizokuwa unalia huko nilikuwa nakula. Aliyeacha kula ni Sajini.

Stephen alituletea barua yako jana karibu adhuhuri. Mama Achuka alianza kunisomea vizuri, mara akafika mahali akanyamaza. Nikamwambia, "Soma." Akasema, "Mzee, huyu mtoto anafikiri ni wewe." Nikamuuliza, "Mimi nimefanya nini?" Akasema, "Umeacha kula." Wakati huo nilikuwa na kipande cha anjera mkononi, kingine mdomoni. Nilicheka hadi nikapaliwa. Kisha akaendelea kusoma, akafika kwenye ile habari ya mlango, na hapo sikucheka tena.

(Aliiweka anjera chini, Ikra. Chai yake ilipoa, nikamwekea nyingine, nayo ikapoa. Mama Achuka.)

Sikujua kama ulikuwa unasimama pale nje kusikiliza. Hakuna aliyewahi kuniambia. Basi nami ngoja nikwambie jambo ambalo sikumwambia hata baba yako.

Ng'ombe wa mwisho alikuwa yule mwekundu, Dima. Nyasi zilikuwa zimeisha kabisa, hata za kwenye mapaa ya watu. Nikawa naokota katoni madukani, naziloweka kwa maji na chumvi, nampa. Alikula katoni kutoka mkononi mwangu kama nyasi za mvua. Asubuhi moja nikampelekea, akageuza kichwa. Alikigeuza polepole, kama mgeni anayekataa chai kwa adabu. Ng'ombe akigeuza kichwa namna ile, umeshamkosa. Baada ya hapo kila nilicholetewa mimi kilikuwa na ladha ya katoni. Sikutaka kufa, Ikra, usifikiri hivyo tena. Wala sikuwa nawakataa nyinyi. Nilikuwa naona aibu kushiba.

Kwa hivyo Alhamisi Mama Achuka alipompa Sajini uji, naye akageuza kichwa, nilimkumbuka Dima. Nikatoka nikaenda msikitini, nikakaa huko hadi alasiri. Mama Achuka akadhani nimemchoka kuku. Na nilikataa uandikiwe kwa sababu uliniachia mnyama mmoja, mmoja tu, na huyo pia anafia mikononi mwangu.

Ijumaa asubuhi nilimpapasa kifuani, hapo chini ya shingo, penye gole, ule mfuko ambao kuku huweka chakula kabla hakijashuka tumboni. Lilikuwa limevimba, gumu kama jiwe. Nikajiuliza, siku zote hizi hajala, na mfuko umejaa? Hapo nikajua kwamba huyu hakukataa chakula, ila chakula kilikataa kushuka. Ng'ombe pia humeza mfuko wa plastiki tumbo likaziba, na hilo nalijua vizuri. Basi nikamtia ndani ya koti, nikatoka.

Yanayofuata ayaseme Mama Achuka, kwa sababu yeye aliyaona, na macho yangu mimi siku hizi yananionyesha ukungu tu.

Haya, sasa ni mimi Mama Achuka. Ikra, kwanza nisamehe kwa barua ile. Nimeikumbuka neno kwa neno tangu jana. Ameacha kula, amekonda, ukimwita hageuki, na jina la kuku sikuliandika hata mara moja! Nilidhani umepata ya Jumatatu. Kumbe gari ya Stephen iliharibika siku ile ile, na barua imelala chini ya kiti huko karakana. Jumamosi alikuja kwenu na gari ya kuazima. Nimemwambia Stephen maneno ambayo kanisani siwezi kuyarudia. Namba ya shule yenu niliipata kwenye ile karatasi ya orodha ya sare. Nilipiga mara sita kabla hawajapokea.

Sasa nikwambie ya Ijumaa. Nilikuta kikapu kitupu. Nikafikiri babu yako amekata tamaa, amekwenda kumtupa. Nikaacha sketi ya mtu chini ya sindano nikakimbia. Nikamkuta kwa Vincent, yule kijana wa duka la dawa za mifugo ambaye sote tunamwita daktari. Walikuwa wanabishana.

Vincent alikuwa anasema, "Mzee, kuku mmoja? Mchinje leo, kesho hatafaa hata supu."

Babu yako akasema, "Huyu si wa kula. Fungua hapa utoe kilichoziba."

"Nimeona ikifanywa mara moja tu, chuoni."

"Mimi nimepasua majipu ya ngamia kabla baba yako hajaoa. Ni macho ndiyo yamenitoroka. Wewe kata, mimi nitamshika."

Vincent akanitazama mimi, kama mtu anayetaka nimsaidie kumtoa mzee dukani. Nikamwambia, "Kata."

Alinyonyoa manyoya kidogo, akapaka spiriti, akadunga ganzi, akachana mahali padogo kama tundu la kifungo. Babu yako alikuwa amemlaza kuku kwenye meza, mikono yote miwili juu yake, myepesi kabisa, na alikuwa anamnong'oneza Kiborana, maneno ambayo mimi sikuyashika. Sajini hakusogea. Vincent akaingiza koleo yake ndogo akavuta. Ukatoka uzi. Akavuta tena, ukazidi kutoka. Uzi wa rangi ya damu ya mzee, umejiviringa na majani makavu na mchele uliochacha, mpaka likatoka donge kubwa kama ndimu. Harufu yake ilitutoa nje mimi na Vincent, lakini babu yako alibaki ameshika. Vincent akarudi akashona. Nilimwambia mishono imekaa mbali mbali, akaongeza mmoja.

Ikra, uzi ule ni wangu. Ni wa zile sare nilizokuwa nashona wiki hiyo. Nilikuwa nafagia vipande hadi mlangoni naviacha pale, na Sajini anapita anadonoa. Nilipouona mezani nilijua hapo hapo, na nikanyamaza. Njia nzima ya kurudi nilinyamaza. Ilikuwa jioni ndipo nikamwambia babu yako, huku nalia. Akaniuliza, "Ulimlisha kwa mkono wako?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi tafuta ndoo ya kutilia hivyo vipande." Akarudi kumtazama kuku wake. Ndoo nimeshaiweka, na kifuniko chake.

Mzee anasema nimeongea vya kutosha, anataka zamu yake.

Ni mimi tena, babu yako. Daktari alisema asipewe kitu siku ya kwanza. Jana alikunywa maji mwenyewe, lakini chakula alikiangalia tu, na mimi nilikaa naye nikijiambia kunywa si kula, usifurahi mapema. Leo baada ya swala ya alfajiri nililoweka ugali kwa maziwa kidogo, nikauweka kwenye kifuniko cha sufuria, nikangoja. Sikuweza kumwona vizuri lakini nilimsikia. Ko, ko, ko, mdomo unagonga bati. Nikamwita Mama Achuka aje athibitishe, akaja mbio amejifunga leso tu mabegani, akasema, "Mzee, anakula." Nikamwambia aangalie tena. Akasema, "Anakula, amekanyaga chakula kwa miguu yote miwili." Alimaliza yote, na Mama Achuka anasema aliinua kichwa akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemnyima siku zote hizo.

Nilikaa pale chini muda. Mama Achuka alitaka kuniinua, nikamwambia aniache kidogo.

Shule huachi. Ile habari ya kusema utatoka usirudi, usiirudie tena, wala usiseme ungebaki kwa sababu yangu. Na kuhusu kunidanganya, nilijua siku ile ile. Mtu mwenye kuku kumi na mmoja hakosi nafasi ya mmoja. Nilinyamaza kwa sababu nilimtaka.

Babu yako,
Jattani Waqo


Shuleni, Timau
Jumanne, 17 Juni 2025

Kwa Babu na Mama Achuka,

Assalam aleikum, Babu. Habari yako, Mama Achuka. Stephen amenipa barua mbili leo kwa pamoja, ile iliyokuwa karakana, ambayo kona moja imeloa mafuta ya gari, na hii ya Jumapili. Nilisoma ya karakana kwanza. Nilipofika pale mlipoandika nisiwe na wasiwasi, nilicheka peke yangu nyuma ya jiko, wapishi wakanichungulia dirishani.

Ya Jumapili nimeisoma mara tatu. Babu, kuhusu Dima na kuhusu aibu, sijui niseme nini kwenye karatasi. Likizo ya katikati ya muhula ni wiki ijayo. Nitakuja tukae nje, na kama utataka kuongea tutaongea, na kama hutaki tutakaa tu. Mama Achuka, uzi sikulaumu. Sare yangu hii niliyovaa uliishona wewe, na haijafumuka hata mahali pamoja.

Lakini nami kuna jambo sijawaambia, na baada ya yote mliyoniandikia naona si haki kulificha.

Jumamosi mliponipigia simu sikuwa bwenini. Nilikuwa nimevaa nguo za nyumbani na sweta zote mbili juu yake. Nilikuwa na begi langu la vitabu, ndani hamna kitabu hata kimoja, nguo moja tu ya kubadilisha na kandambili. Lori la kuni lilikuwa linatoka, na askari wa lango alikuwa upande wa pili anaongea na dereva. Nilipanga nipite ubavuni mwa lori hadi barabarani, halafu nitafute gari yoyote inayoshuka Isiolo. Nilikuwa nimebakiza hatua chache kufika langoni.

Ndipo nikasikia Mama Kiende, matroni wetu, akiniita nyuma yangu kwa majina yangu yote mawili. Nikasimama. Nilijua nimeshafukuzwa shule, na kitu kilichoniuma zaidi ni kwamba sasa sitafika kwako kwa wakati.

Akaja hadi nilipo, anahema, simu iko mkononi. Akasema, "Kuna mwanamke anapiga kelele kutoka Isiolo. Anasema ni kuku. Mimi sielewi kitu, labda wewe utaelewa."

Nikachukua simu. Mama Achuka, ulikuwa unasema kuku, Ikra, ni kuku, kuku, na mimi nilidhani unanizungusha. Nilidhani Babu amekufa na hujui pa kuanzia. Nikakwambia nipe Babu. Kukawa kimya. Najua sasa kwamba mlikuwa mnapokezana simu tu, lakini kimya kile kilikuwa kirefu.

Babu, ukasema, "Ikra, mimi nakula." Nikasema sikuamini. Nikasema watu wazima husema hivyo hivyo. Ukasema, "Basi sikiliza." Ukatia nyirinyiri mdomoni, ile nyama ya kukaanga uliyosema Mama aliileta siku ya Idd, ukaitafuna hapo hapo kwenye simu, kwa meno yako ya upande mmoja. Ilikuwa imekauka na ililia sana. Ukameza. Nikasikia ukimwambia Mama Achuka akusogezee bakuli, ukachukua nyingine.

Nilianza kulia na kucheka kwa pamoja, kamasi zote nje. Mama Kiende akashtuka, akanishika bega akaniuliza nani amekufa. Nikampa simu asikilize mwenyewe. Akaiweka sikioni, akasimama pale katikati ya njia, lori la kuni linamngoja apishe, yeye anasikiliza mzee asiyemjua akitafuna.

"Huyu anakula," akasema.

Hapo ndipo salio likakatika. Mama Kiende akatia simu mfukoni, akanivua begi begani akalibeba yeye, tukarudi bwenini pamoja, na hakuniuliza mbona begi la vitabu ni jepesi hivyo.

Mjukuu wenu wote wawili,
Ikra Golicha